Santuri za jazz: Zilizouzwa sana zamani ndizo rahisi leo

MTU anayeingia kwa mara ya kwanza katika duka la mitumba kwenye miji ya Marekani kama Chicago au Philadelphia, hukuta chini ya meza za nguo masanduku ya santuri za zamani. Hazijapangwa. Kuna nyimbo za Krismasi, kuna kwaya, kuna muziki wa filamu, na katikati ya hizo kuna santuri za jazz zilizopigwa na baadhi ya mafundi wakubwa wa karne ya 20. Bei yake ni dola moja, mbili au tano.

Wakati huo huo, katika minada ya wakusanyaji, chapa ya kwanza ya baadhi ya santuri za kampuni ya Blue Note za miaka ya 1950 hununuliwa kwa maelfu ya dola. Ni muziki wa aina ile ile, wa miaka ile ile, na mara nyingine hata wapigaji ni wale wale.

Tofauti hiyo ndiyo inayowapoteza wengi wanaoanza kukusanya. Hudhani kilicho ghali ndicho kizuri, na cha bei ndogo ni makapi. Biashara ya santuri haiendi hivyo. Bei ya santuri ya mtumba hufuata zaidi uchache wa nakala safi zilizobaki kuliko utamu wa muziki uliomo ndani.

Blue Note ilianzishwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, mhamiaji kutoka Ujerumani. Ilikuwa kampuni ndogo iliyochapa nakala kwa kiasi. Leo wakusanyaji wa Japan, Ulaya na Marekani wanagombea hizo chache zilizobaki, na hawatazami jina la msanii peke yake. Hutazama anwani ya kampuni iliyochapwa kwenye lebo, kwa kuwa kampuni ilihama ofisi na kila anwani inaonyesha kipindi chake. Hutazama pia alama ndogo iliyogongwa karibu na lebo, ambayo wao huiita sikio. Santuri mbili zinaweza kutoa sauti ile ile, moja ikauzwa mara kumi ya nyingine kwa sababu ya anwani. Kwa mtu anayetaka kusikiliza muziki, hiyo ni pesa inayolipwa kwa karatasi.

Kwa hiyo mwenye mfuko mwembamba afuate njia nyingine: atafute kilichouzwa sana. Santuri iliyonunuliwa na watu wengi miaka ya 1950 na 1960 ina nakala nyingi hadi leo, na kitu kilicho kingi hakipandi bei hata kiwe kizuri kiasi gani. Mkulima yeyote aliyewahi kupeleka nyanya sokoni wakati wa mavuno hahitaji kuelezwa zaidi.

Mkanda wa nyuma ya jukwaa

Mfano mzuri ni Erroll Garner, mpiga piano wa Pittsburgh ambaye hakujua kusoma noti za muziki maisha yake yote. Septemba 1955 alipiga onyesho katika ukumbi wa shule kwenye mji mdogo wa Carmel, ufukweni mwa California. Hapakuwa na mpango wa kutoa santuri. Hata hivyo, nyuma ya jukwaa kulikuwa na mashine ya mkanda iliyokuwa ikizunguka. Meneja wake, Martha Glaser, aliiona, akauchukua mkanda ule na kuufikisha kwa kampuni ya Columbia.

Sauti yake si safi. Besi na ngoma zinasikika kwa mbali, kana kwamba wapigaji wamekaa chumba cha pili. Lakini Garner siku ile alikuwa amewaka. Santuri hiyo, Concert by the Sea, iliuzwa mno, na kufikia mwaka 1958 mauzo yake madukani yalikuwa yamevuka dola milioni 1. Ndiyo maana hadi sasa si kitu cha ajabu kuikuta ndani ya sanduku la bei ya chini.

Garner mwenyewe alikuwa mfanyabiashara makini kuliko wengi walivyomdhania. Mkataba wake ulimpa haki ya kuidhinisha kazi kabla haijatolewa, na kampuni ilipotoa rekodi zake za zamani bila ridhaa yake, alikwenda mahakamani mwaka 1960. Msanii mweusi kuishtaki kampuni kubwa kiasi hicho kwa wakati ule halikuwa jambo la kawaida.

Wa pili ni Ahmad Jamal. Santuri yake iliyorekodiwa Januari 1958 katika hoteli ya Pershing, Chicago, ikatolewa na kampuni ya Argo, ilikaa kwenye chati za mauzo kwa zaidi ya wiki 100. Wahakiki wengi wa wakati ule waliidharau, wakisema ni muziki wa kusindikizia vinywaji. Miles Davis aliwapinga hadharani na kukiri kwamba yeye mwenyewe alijifunza kwa Jamal namna ya kuacha nafasi kati ya noti na noti.

Fedha za santuri hiyo Jamal hakuzilaza. Mwaka 1959 alizuru Afrika Kaskazini kutafuta nafasi za uwekezaji, kisha akafungua Chicago mgahawa na ukumbi wa muziki ulioitwa Alhambra. Akiwa Mwislamu, hakuuza pombe. Ukumbi wa jazz usio na pombe katika Chicago ya wakati ule ulikuwa mtihani, na haukudumu. Jamal aliendelea kupiga kwa zaidi ya miaka 60 baadaye, hadi alipofariki mwaka 2023.

Kundi hilo la santuri zilizopendwa mno ni kubwa. Ramsey Lewis, naye wa Chicago, alitoa The In Crowd mwaka 1965, iliyorekodiwa mbele ya watu katika ukumbi wa Bohemian Caverns, Washington. Makofi na vigelegele vya wasikilizaji vimeshikwa vizuri kiasi kwamba ni kama chombo cha nne. Mpiga ngoma aliyeingia katika kundi hilo mwaka uliofuata ni Maurice White, ambaye baadaye alianzisha Earth, Wind & Fire.

Aidha, ipo Swiss Movement ya Les McCann na Eddie Harris, iliyorekodiwa Montreux, Uswisi, Juni 1969. Wanamuziki hao walipanda jukwaani karibu bila mazoezi ya pamoja. Kama kuna santuri ya kumpa mtu anayedai jazz ni muziki wa kusinzia, ni hiyo.

Tahadhari moja tu. Santuri iliyopendwa ilichezwa sana, mara nyingi kwenye sherehe, kwa mashine zenye mikono mizito na sindano zilizochakaa. Nyingi zimekwisha. Mnunuzi wa jamii hii ya santuri huenda akalazimika kupitia nakala tatu au nne ndipo apate moja safi, na aikatae mbovu hata kama bei yake ni dola moja.

Miaka ambayo jazz haikuwa na soko

Hazina nyingine iko katika miaka ya 1970. Muziki wa rock ulikuwa umemeza soko, na wapigaji wa jazz wa kizazi cha Charlie Parker walijikuta hawana kazi. Duke Jordan, aliyempigia Parker piano mwishoni mwa miaka ya 1940 na kutunga wimbo maarufu wa Jordu, alifikia kuendesha teksi mjini New York. Wengine walihamia Ulaya. Dexter Gordon aliishi Copenhagen miaka mingi, na huko Denmark ndiko kampuni ya SteepleChase ilikoanzishwa mwaka 1972, ikawarekodi yeye, Jordan na wengi wengine.

Mwaka 1973 Norman Granz alirudi kazini. Huyu alikuwa ameiuza kampuni yake ya Verve kwa MGM mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa zaidi ya dola milioni 2. Alipoona wazee aliowathamini hawarekodiwi, alianzisha kampuni mpya na kuiita Pablo, kwa heshima ya mchoraji Pablo Picasso. Majalada yake mengi ni picha nyeusi na nyeupe tu, na ukiyaona sandukuni huyavutiwi. Ndani yake wamo Ella Fitzgerald, Count Basie, Oscar Peterson, Sarah Vaughan, Milt Jackson na Zoot Sims.

Hizi za Pablo ndizo pengine bidhaa isiyothaminiwa kuliko zote. Virtuoso ya Joe Pass, ambayo ni gitaa moja tupu bila msindikizaji, ilirekodiwa mwaka 1973 na bado hupatikana kwa bei ya chini. Peterson, Pass na mpiga besi wa Denmark, Niels-Henning Ørsted Pedersen, walipata tuzo ya Grammy kwa santuri yao ya The Trio. Hata tuzo hiyo haikuipandisha bei. Wakusanyaji wanataka ujana wa wanamuziki hawa. Wanachokisahau ni kwamba mpigaji wa miaka 55 amekwisha kutupa madoido na kubakiza la maana.

Huko Concord, California, mfanyabiashara wa magari aitwaye Carl Jefferson alikuwa ameanzisha tamasha la jazz, na mwaka 1973 akaanzisha kampuni ya kurekodi, akianza na wapiga gitaa Herb Ellis na Joe Pass. Santuri za Concord Jazz ni safi kwa sauti, zimechapwa vizuri na hazina fujo. Kuna wanaoziona baridi mno, na kwa baadhi hawakosei. Lakini kwa anayeanza ni mahali salama pa kuweka dola tano. Jefferson alifariki mwaka 1995. Mwaka 2004 kampuni yenye jina hilo la Concord ilinunua Fantasy, ambayo tayari ilikuwa imemeza Prestige, Riverside, Milestone, Contemporary na hiyo Pablo. Duka la magari likaishia kumiliki sehemu kubwa ya historia ya jazz.

Fantasy yenyewe iliacha zawadi mbili kwa wenye kipato cha chini. Ya kwanza ni albamu za santuri mbili katika jalada moja, zilizotolewa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kutoka maghala ya Prestige, Riverside na Milestone. Mwaka 1956 Miles Davis alikuwa na deni la albamu kwa Prestige kabla ya kuhamia Columbia. Alilimaliza kwa kuingia studio siku mbili tu, Mei na Oktoba, na kurekodi kazi zilizotosha albamu nne. Chapa za kwanza za albamu hizo ni za matajiri. Muziki ule ule ulitolewa tena kwa mtindo wa mbili kwa moja, na huo ndio wa kununua.

Ya pili ni mfululizo wa Original Jazz Classics, ulioanza mapema miaka ya 1980, wenye majalada ya mwanzo na bei ya kawaida. Zamani hizi zilitupwa kama mchanga. Siku hizi zimeanza kupanda, kwa kuwa wengi wamegundua sauti yake ni nzuri.

Kupanda huko kuna sababu. Mwaka 2020 mapato ya santuri Marekani yalipita yale ya CD kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1980, na mwaka 2022 ziliuzwa santuri takriban milioni 41 dhidi ya CD milioni 33. Kampuni nazo zimeamka. Blue Note ilianza mwaka 2019 kutoa upya kazi zake katika chapa za hali ya juu. Hizo ni nzuri kwelikweli, lakini santuri moja mpya ya namna hiyo hugharimu dola 30 hadi 40. Fedha hiyo kwenye sanduku la mitumba hununua Pablo sita.

Nzuri maana yake mbovu

Anayenunua kupitia intaneti, kwa mfano katika tovuti ya Discogs iliyoanzishwa mwaka 2000, lazima ajue lugha ya madaraja. Herufi NM maana yake karibu mpya. VG+ ina alama ndogo zisizosumbua, na hapo ndipo mwenye bajeti anapopaswa kusimama. VG itatoa mikwaruzo inayosikika, hasa kwenye piano ya taratibu. Daraja la G, ambalo kwa tafsiri lingekuwa nzuri, kwa kweli ni santuri mbovu inayotoa sauti kama ya maandazi yanayokaangwa. Wengi wameliwa pesa zao hapo bila mtu kuwadanganya.

Anayenunua kwa mkono ainamishe santuri kwenye mwanga. Mikwaruzo myembamba kama nywele si tatizo kubwa. Mkwaruzo unaokwaruza kucha ukipitisha kidole ni wa kukataa. Weusi uliofifia na kuwa wa kijivu ni dalili kwamba sindano nzito imekwisha kula mifereji. Kisha asome maandishi yaliyochongwa katika sehemu tupu inayozunguka lebo. Akikuta VAN GELDER au RVG, maana yake bamba la kuchapia lilikatwa na Rudy Van Gelder, fundi sauti wa New Jersey aliyerekodi kazi nyingi za Blue Note, Prestige na Impulse. Baadhi ya santuri za kampuni ya CTI za miaka ya 1970, ambazo wakusanyaji wengi huzibeza kwa kuwa na vinanda vingi, zilirekodiwa na fundi huyo huyo katika studio ile ile. Sunflower ya Milt Jackson na Concierto ya Jim Hall ni mifano ya kuanzia.

Kwa mnunuzi aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, adui mkubwa ni posta. Kutuma santuri moja kutoka Marekani huweza kuzidi bei ya santuri yenyewe mara kadhaa, na ushuru uko juu yake. Kwa hiyo kununua moja moja ni hasara. Ni afadhali kukusanya kumi au ishirini kutoka kwa muuzaji mmoja, au kumwomba ndugu anayerudi likizo azibebe. Santuri na jalada lake ni robo kilo hivi, hivyo ishirini ni kama kilo tano. Muuzaji aombwe kuitoa kila santuri nje ya jalada na kuiweka nyuma yake, la sivyo itapasua jalada njiani.

Mashine nayo ina mtego. Nyingi za zamani zinazoletwa kutoka Marekani zilitengenezwa kwa umeme wa volti 110 na mzunguko wa 60, ilhali huku ni volti 230 na mzunguko wa 50. Transfoma itaokoa volti, haitaokoa mzunguko. Mota ya aina inayofuata mzunguko wa umeme itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na Ella Fitzgerald atasikika kama mwanamume mwenye mafua. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya haina shida hiyo. Redio iwe na tundu lililoandikwa PHONO, vinginevyo sauti itatoka ndogo kama ya mbu.

Santuri zisimamishwe wima, zisilazwe moja juu ya nyingine, na zisiachwe ndani ya gari juani hata kwa nusu saa. Katika miji ya pwani unyevu huotesha ukungu kwenye majalada, hivyo rafu isigusane na ukuta.

Na anayedhani atatajirika asahau. Santuri za dola tano nyingi zitabaki za dola tano, na atakayeziuza atakatwa na tovuti, posta na muda. Faida yake ni kuzisikiliza.

Zenye Kiswahili ndani

Msikilizaji wa Afrika Mashariki anayesikia neno jazz hukumbuka kwanza Morogoro Jazz, Western Jazz au Nuta Jazz, ambazo zilichukua jina na kupiga muziki wake zenyewe. Lakini hata upande wa Marekani Kiswahili kimo.

Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi New York albamu ya Uhuru Afrika, kwa mipango ya muziki ya Melba Liston na maneno ya mshairi Langston Hughes. Mwanzoni mwake anasikika Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akisoma kwa Kiswahili, zaidi ya mwaka mmoja kabla Tanganyika haijapata uhuru. Sanga baadaye alikuwa mbunge nchini Tanzania. Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku albamu hiyo mwaka 1964. Chapa ya kwanza ya kampuni ya Roulette si ya sanduku la dola moja, ila imetolewa upya.

Miaka kumi baadaye Herbie Hancock na wenzake walichukua majina ya Kiswahili, waliyopewa na mpiga ngoma James Mtume. Hancock akawa Mwandishi. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson aliitwa Mganga, na hapo hawakukosea kwa kuwa alikuwa daktari kweli. Billy Hart aliitwa Jabali. Bennie Maupin alipewa Mwile, ambalo Mswahili atalisahihisha haraka. Buster Williams, mpiga besi, aliitwa Mchezaji, jina ambalo huku lingempeleka uwanja wa mpira, na Julian Priester wa tromboni akaitwa Pepo Mtoto, ambalo mama wa Kiswahili asingethubutu kumwita mwanawe.

Kundi hilo lilitoa Mwandishi mwaka 1971, Crossings mwaka 1972 na Sextant mwaka 1973. Hazikuuzwa. Gharama za kusafiri na kundi zilimshinda Hancock, akalivunja. Mwaka huo huo wa 1973 alitoa Head Hunters, yenye midundo ya kucheza, ikauza zaidi ya nakala milioni moja. Kwa hiyo anayepekua masanduku atakutana na Head Hunters kwanza, na Mwandishi atamtafuta sana.